Raba za mamangu: soli nene au nyembamba?

MwanaLangoni
Assalaam aleikum jamaa. Nataka kumnunulia mamangu raba za kutembelea. Ijumaa kuna mtu anakwenda Mombasa, ataniletea. Nimebakisha tatu: za kukimbilia, soli nene laini, 6,500, Ngoma za Bata, zile za turubai zenye soli bapa, bei chini sana, au mitumba, kuna jozi nzuri hapa Lamu kwa 1,800. Nichukue zipi?

Kiwandeo
Waaleikum salaam. Hujasema umri wake, anatembea wapi, ana sukari au hana, na siku zote huvaa nini. Tutakujibuje?

MwanaLangoni
Niwie radhi. Ana miaka 71. Sukari anayo, daktari amemwambia atembee kila siku. Maisha yake yote ni kandambili na makubadhi. Jana nilimjaribisha raba zangu sebuleni: akawa anainua miguu kama anayevuka maji, huku ameshika ukuta. Akaniambia, "Mwanangu, chini sikusikii."

Viungo_Malindi
Mama amesema kweli kabisa. Mimi kazi yangu ni mazoezi ya viungo. Unyayo ndio unaopeleka habari kwamba mwili umesimama sawa au umeinama, na soli nene laini inazizima habari hizo. Tena raba nyingi za kukimbilia kisigino kiko juu ya vidole kwa milimita 10 hivi. Aliyezoea kandambili hujiona anasukumwa mbele. Dukani ni raha, njiani wazee huyumba. Tafuta soli ngumu kidogo isiyo nene, nyuma pameshika kisigino. Apimiwe jioni mguu ukiwa umevimba, mbele pabaki upana wa kidole gumba. Siku za mwanzo azivae nyumbani tu, dakika 15 au 20. Na kwa sukari yake, kila akivaa apapase ndani kwa mkono, maana kokoto anaweza asiisikie. Akivua, mtazameni nyayo kama pana wekundu.

Shela_Mchangani
Mitumba usithubutu, nakuomba. Nilimnunulia babangu jozi, juu safi kama mpya. Sikujua kwamba baadhi ya soli za sponji huoza zenyewe kwa unyevu hata zikikaa bila kuvaliwa. Tulitoka Shela alfajiri, maji yametoka, tukafuata ufuo kwenda mjini. Katikati ya njia nikaona kiatu cha kulia kinaacha makombo meusi mchangani, kama mkate mkavu. Kabla sijamwambia asimame, soli nzima ikabaki nyuma na mzee akaenda chini kwa goti. Nikamvua zote mbili, tukakaa pale maji yanaanza kujaa, mpaka ikapita mashua ikatuchukua. Goti lilimuuma mwezi mzima. Hadi leo raba hataki hata kuzitazama, na mimi roho inaniuma kwa sababu ndimi niliyemvisha.

Fundi_Mkomani
Pole sana. Lakini mitumba si yote. Ikunje soli kwa mikono miwili, halafu bonyeza sponji kwa ukucha. Ikitoa unga, iache hapo hapo. Mimi hushona soli kwa uzi wa nailoni, ila sponji iliyooza haishiki uzi.

Kiwandeo
Mimi nasema makubadhi yanatosha. Wazee wetu wametembea nayo mpaka Matondoni.

Viungo_Malindi
Hawakuwa na sukari hii, ndugu yangu. Kiatu kisichoshika kisigino hulazimisha vidole vijikunje kukizuia. Wako wenye ganzi ya miguu, kandambili inachomoka mguuni na wao wanaendelea kutembea bila habari.

Kiwandeo
Sawa, hilo sikulijua. Lakini basi tuseme na njia. Huko mtaani kwenu Langoni asubuhi punda wamebeba mawe na mchanga, unabanwa ukutani, chini mtaro. Ampeleke ufuoni mapema.

Shela_Mchangani
Ufuoni napo, ngazi za gati zina mwani. Apite katikati, asikaribie ukingo.

MwanaLangoni
Nimemsomea mama yote haya. Ameuliza jambo ambalo sikulifikiria: akipita kwa dadake, kwa jirani, kwa wajukuu, kila mlango ni kuvua. Ataziinamia kamba mara ngapi kwa siku na mgongo ule?

Fundi_Mkomani
Basi Ngoma za kamba zimeanguka. Tafuta zinazofungwa kwa mkanda wa kubandika. Anavaa namba ngapi?

MwanaLangoni
Asubuhi 39. Jioni sijui, nampima leo baada ya Magharibi.