Maneno ya ujenzi na mazingira: nianze na yapi kabla sijarudi saiti?

Kijana wa Mbagala

Habari za jioni wanajamvi, na shikamooni wakubwa wote.

Nasoma ubunifu majengo hapa Dar, mwaka wa pili. Muhula huu tulipewa orodha ndefu ya istilahi za usanifu na mazingira, zote kwa Kiingereza, nikazikariri mpaka zikakaa. Nilipofika saiti ndipo nilipokwama. Nipo mafunzo kwa vitendo kwenye nyumba moja huko Kitunda, na Alhamisi ya kwanza fundi mkuu aliniambia, "Jumamosi tunamwaga jamvi, uwahi." Mimi jamvi ninalolijua ni lile la kukalia msibani. Niliona aibu kuuliza, nikaitikia tu. Jumamosi nikafika saa tatu, kumbe zege lilianza kumwagwa saa kumi na mbili asubuhi. Kazi niliyotumwa ilikuwa kuhakikisha mabomba ya maji machafu yamekaa mahali pake kabla hayajafunikwa, na nilikuta yameshafunikwa. Bomba la choo cha wageni lilikuwa limesogea sentimita 40 kutoka kwenye mchoro. Jumatatu zege likakatwa, na mwenye nyumba alisimama pale akitazama hela yake inavyobomolewa. Sijalisahau lile jicho.

Wiki iliyofuata nikaulizwa, "Dirisha lianze kozi ya ngapi?" Nikajibu, "Milimita 900." Fundi akarudia swali lilelile.

Naombeni msaada kwa mambo mawili. Kwanza, maneno gani ya saiti niyajue kabla ya mengine yote? Pili, upande wa mazingira, yaani jua, kivuli, upepo, je, Kiswahili chake kipo au nitakuwa natunga tu? Mwenye nyumba ni mama mtu mzima. Nataka kumweleza kwa nini nimepunguza madirisha ya magharibi, nazunguka dakika kumi na haelewi, na kosa si lake.

Mama Ramani

Marahaba mwanangu. Pole kwa lile bomba. Nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hii na bado naulizia maneno saiti, kwa hiyo hiyo aibu iache nyumbani.

Nianze na swali lako la pili maana ndilo linaloniuma. Hutungi kitu. Kiswahili cha mazingira kilikuwapo pwani hii kabla ya chuo chochote kujengwa. Wewe ulichukua orodha yako ukaitafsiri mbele ya yule mama, ndiyo maana hakuelewa. Anza na anachokijua yeye, na yeye anaijua kaskazi. Ni upepo wa Desemba mpaka Machi, unatoka kaskazini mashariki, tena miezi hiyo ndiyo ya fukuto hapa Dar. Anaijua na kusi, inayoanza kama Aprili ikaenda hadi Septemba, inayotoka kusini na kusini mashariki. Mwambie: "Mama, dirisha hili litapokea kaskazi na lile la mkabala litaitoa, ulale bila feni." Hapo umemaliza somo zima la upepo kupenya chumbani. Neno la kushika ni *mkabala*. Upepo hauingii chumba ambacho hauna pa kutokea, hata ungeweka dirisha la ukuta mzima.

Sasa jua. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la utosini kabisa tunalipata mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba. Juni jua la mchana linakuwa upande wa kaskazini, kama nyuzi 60 kutoka upeo wa macho. Desemba limehamia kusini, nyuzi 73 hivi. Hesabu hiyo ifanye kwa mkono wako mwenyewe. Chukua dirisha la kimo cha mita 1.2 linalotazama kaskazini, na upenu unaoanzia usawa wa juu wa dirisha. Ili kivuli cha mchana wa Juni kifike kwenye kizingiti cha chini, upenu utoke nje sentimita 70. Dirisha hilohilo ukiligeuza litazame kusini, mchana wa Desemba sentimita 36 zinatosha.

Nimesema *upenu*. Hilo neno nakuomba ulibebe popote uendapo. Ni ile sehemu ya paa inayotoka nje ya ukuta, na pia ni pale chini yake. Bibi yako akikwambia "simama upenuni mvua ipite" amekutajia kivuli, kinga ya mvua na mahali pa watu kukaa, kwa neno moja. Nyumba hizi za sasa zinazoficha paa nyuma ya ukuta zimeufuta upenu. Masika yakija maji yanapiga ukuta moja kwa moja, lipu inavimba, na mchana jua linaingia mpaka kitandani. Zinanisikitisha sana, na nyingine ninazijua walioziomba, niliwasihi wakakataa.

Magharibi hesabu ya upenu haikusaidii. Jua la saa kumi limeshuka, linapita chini ya upenu wowote ule. Huko weka stoo, bafu, ngazi, au ukuta mtupu. Kama lazima pawe na uwazi, jenga kwa tofali za maua, zile zenye matundu, au panda mti. Kwa yule mama usitaje nyuzi. Muulize, "Ukuta gani wa nyumba unayokaa sasa ukiugusa saa mbili usiku bado una moto?" Atakuonyesha mwenyewe.

Jumapili moja chukua tepu uende Ilala au Magomeni, uombe ruhusa upime nyumba moja ya Kiswahili iliyobaki. Baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, nyuma ua. Kaa barazani jioni uone nani anapita, nani anasalimia, nani anakaribishwa ndani na nani anaishia pale. Ukishaona hivyo utajua baraza ni nini, na hutaliita tena "sehemu ya mbele ya nyumba". Ukitoka hapo pita soko la Kariakoo lililofunguliwa 1975, kazi ya mbunifu majengo Beda Amuli. Tazama paa lake: ni miavuli ya zege, iliyobuniwa ili ikusanye na maji ya mvua. Simama chini ya mwavuli mmoja ujaribu kuueleza kwa Kiswahili, kwa sauti.

Na usisahau maji. Mtaro, mkondo, bonde, mteremko. Jiji hili limeona mto Msimbazi ulivyofurika Desemba 2011. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe. Mteja akikuletea kiwanja, kabla hujachora chochote waulize majirani, "Mvua kubwa ikinyesha, maji hapa yanapita wapi?" Neno *yanapita* litakuletea majibu ambayo ramani haina.

Mwiko na Timazi

Mdogo wangu wa Mbagala, mimi ni fundi, naongea ya saiti.

Jamvi ni lile zege la chini linalotandazwa nyumba nzima juu ya msingi, kabla kuta hazijapanda. Limeitwa jamvi kwa kuwa linatandikwa, hakuna siri. Ukisikia "tunamwaga jamvi" ujue mabomba yote ya chini yawe yamekaguliwa jana yake.

Kozi ni mstari mmoja wa tofali. Tofali zetu zina kimo cha inchi 9, ukiongeza udongo wa kuunganishia unapata kama sentimita 25 kwa kozi. Kwa hiyo kozi 4 ni mita 1. Ile 900 yako haipo kwenye tofali, ndiyo maana fundi alirudia swali. Alikuwa anakuuliza: nikate tofali, au kizingiti kipande mpaka mita 1? Mchoro unaojua kozi unaokoa tofali nyingi sana, na hili naomba wanaofundisha walisikie.

Lenta na mkanda watu wanachanganya, hata mafundi. Lenta inabeba juu ya uwazi, mlango au dirisha, na inalala kwenye ukuta pande zote mbili. Mkanda unazunguka nyumba yote na kuifunga isifunguke. Ukiambiwa "tumefika lenta" uliza, "Ya uwazi au ya kuzunguka?" Jibu lake linabadilisha idadi ya nondo na ringi, vile vyuma vyembamba vinavyozifunga nondo pamoja.

Kupaua ni kusimamisha mbao za paa: kenchi, yaani zile fremu za pembetatu, halafu papi, mbao nyembamba zinazolazwa juu yake. Kuezeka ni kufunika, iwe bati, vigae au makuti. Mtu anaweza kuwa amepaua na hajaezeka miaka miwili, pita Chanika utaona.

Vyombo viwili ujifunze kwa mikono. Timazi inakwambia ukuta umesimama wima. Mpira wa maji unakwambia usawa. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, jaza maji, toa mapovu yote, wewe shika ncha moja kona hii na mwenzako ncha nyingine kona ile. Maji yakitulia, pale yaliposimama kwako na kwake ni usawa mmoja, hata kama kati yenu kuna ukuta na hamuonani. Mapovu yakibaki utadanganyika. Kona nayo tunaipata kwa kamba: futi 3 upande huu, futi 4 upande ule, na kati ya alama hizo mbili pawe futi 5 kamili. Ikizidi au ikipungua, kona haijakaa.

Dada yangu Mama Ramani, nakubaliana na wewe juu ya upenu, ila tuseme na gharama. Nyumba ya mita 10 kwa 12, ukitoa upenu kutoka sentimita 40 hadi 70 kuzunguka yote, umeongeza kama mita za mraba 15 za paa. Mteja akigundua hilo mwishoni anapunguza mwenyewe, na anapunguza palepale ulipopahitaji. Mwambieni mapema.

Mama Ramani

Kaka Mwiko, umenena. Ndiyo sababu nimempa sentimita 70 za kaskazini na 36 za kusini. Upenu si lazima ulingane pande zote. Pesa iende mahali jua lilipo. Kusini sipunguzi sana lakini, kwa sababu ya mvua.

Zidaka

Nyongeza fupi kutoka kwa mtu aliyelelewa Lamu na sasa yuko Ilala. Kijana, jifunze na maneno ya miti: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Hayo ni majina ya mikoko kwa unene wake, kutoka mwembamba hadi mnene, na kutoka kwenye *pau* ndipo mnapata hiyo kupaua yenu. Boriti ndiyo iliyobeba dari za nyumba za mawe, na kwa kuwa boriti haivuki zaidi ya kama mita tatu, vyumba vyetu vikawa vyembamba na virefu. Watu wanadhani ni mtindo tu. Mti ndio uliopima chumba. Na *daka* ni ule ukumbi mdogo wa mlangoni wenye mabaraza, na *zidaka* ni vile vishubaka vya ukutani, Kiswahili cha kwenu mnasema vidaka. Ukibuni mlango wa mbele, fikiria daka kabla ya geti.

Kijana wa Mbagala

Nimerudi wakubwa zangu. Ahsanteni sana, sikutegemea majibu ya namna hii.

Jana nilimwomba fundi mkuu anifundishe mpira wa maji. Mara ya kwanza tulitofautiana sentimita mbili, kumbe lilibaki povu dogo karibu na kidole changu. Tulilitoa, maji yakakaa. Dirisha la sebuleni tumekubaliana lianze kozi ya 4, na nimebadilisha mchoro.

Kwa mama nilianza na kaskazi kama Mama Ramani alivyonielekeza. Hakusubiri nimalize. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya kibanda anachokaa sasa pale saiti, akaniwekea kiganja kwenye ukuta wa magharibi. Ilikuwa saa moja na nusu usiku na ukuta una moto. Akasema, "Huu ndio unaoninyima usingizi." Madirisha ya magharibi ameyafuta mwenyewe kwa kalamu yangu.

Limebaki moja. Upande huohuo wa magharibi kuna mwembe mkubwa, na mwanawe anataka ukatwe apate pa kuegesha gari. Nimjibu nini?

Mama Ramani

Usikatwe. Pima kutoka shina la mwembe hadi ukutani, upime na upana wa kivuli chake saa kumi jioni, kisha chora gari limelala chini ya matawi. Mpelekee mchoro huo mwanawe mama yake akiwepo. Nambari hizo ziweke hapa kesho, tuangalie na mizizi iko umbali gani na msingi.