Redio inasikia ripita lakini haiifungui, na peja iko kimya

Swali
Wakuu, habari zenu. Naprogramu redio na peja (vifaa vidogo vya kupokea wito) za kikosi chetu cha zimamoto cha kujitolea. Redio moja inapokea ripita (mtambo unaopokea mawimbi ya redio na kuyarusha upya yafike mbali) vizuri, ila nikibonya kuongea hakuna anayenisikia. Peja moja nayo haiiti, ingawa namba yake nimeihakiki. Nianzie wapi? Sitaki mwenzetu akose wito wa usiku kwa sababu ya mpangilio tu.

Jibu
Karibu mkuu. Kabla ya kuandika chochote, soma kilichomo kwenye redio na uhifadhi faili hilo kwenye kompyuta. Kisha tazama toni ya CTCSS, yaani mlio wa chini unaorushwa pamoja na sauti ili kufungua ripita, upande wa kurusha. Mara nyingi imewekwa upande wa kupokea tu, na ripita iliyofungwa kwa toni, tuseme 88.5 Hz, haifunguki bila hiyo. Angalia pia tofauti ya masafa ya kurusha na kupokea.

Jibu
Kama peja ni ya POCSAG (mfumo wa kidijitali wa kutuma wito kwa peja), namba sahihi haitoshi. Kasi lazima ilingane na ya mtambo unaotuma wito: biti 512, 1200 au 2400 kwa sekunde. Ikigoma bado, geuza polariti, yaani 0 na 1 za ishara zibadilishane.

Muulizaji
Asanteni sana! Toni ya kurusha ilikuwa tupu. Peja ilikuwa 512, mtambo unatuma 1200. Zote zinafanya kazi sasa.

Jibu
Safi. Ijaribu peja ikiwa kiunoni, ndani ya jengo, siyo mezani karibu na antena. Na tafadhali, mlio wa dharura usifanane na wa majaribio.