Kipindi cha Kiingereza: skrini au midomo ya wanafunzi?

Mleta mada

Wadau, naomba tulijadili jambo hili bila kuoneana aibu. Siku hizi mwalimu wa Kiingereza akiingia darasani na projekta, video mbili na mchezo wa maswali wa kwenye simu, anasifiwa kwamba anakwenda na wakati. Anayeingia na chaki na picha mbili alizokata gazetini anaonekana amelala. Mimi nasema tumelishika jambo hili kichwa chini miguu juu. Intaneti ni hazina ya mwalimu anapoandaa somo, na ya mwanafunzi anapojisomea. Kipindi chenyewe ni cha kuzungumza, na dakika inayoliwa na skrini tumemnyang'anya mwanafunzi.

Tupige hesabu. Kipindi cha dakika 40, wanafunzi 50. Hata mwalimu akae kimya mwanzo hadi mwisho, wanafunzi wakipokezana kusema mmoja mmoja, kila mmoja anaambulia sekunde 48. Na sote tunajua mwalimu hakai kimya. Sasa wapange wawili wawili kwa dakika 10 tu: kila mmoja anapata kama dakika 5 za kusema yeye mwenyewe, siku hiyohiyo, bila umeme wala bando.

Juzi nilikaa nyuma ya darasa la mwenzangu. Mchezo wa maswali ulikuwa ukutani, majibu manne kwa rangi nne, watoto wanashangilia. Swali lilikuwa *She ___ to school every day*. Darasa karibu lote likabonyeza *goes*. Kipindi kilipokwisha nikamfuata binti aliyeongoza kwa pointi, nikamuuliza kwa Kiingereza dada yake hufanya nini asubuhi. Akasema "He go...", akanyamaza, akashusha macho kwenye simu kana kwamba majibu manne yangetokea tena. Jibu analijua, ila halijawahi kupita mdomoni mwake likiwa halina chaguo la kubonyeza.

Linganisheni na zoezi hili la zamani. Wanafunzi wawili wanakaa mgongo kwa mgongo, kila mmoja ana picha ya chumba kilekile, lakini picha zinatofautiana mahali saba. Hakuna kuchungulia. Ili wazipate tofauti lazima waulizane: paka yuko wapi, dirisha limefunguliwa, viti ni vingapi. Mmoja ana habari ambayo mwenzake hana, na njia pekee ya kuipata ni kuuliza. Ndiyo maana hata mkimya wa darasa anafungua kinywa.

Mwaka 2000 Scott Thornbury, mkufunzi na mwandishi wa vitabu vya ufundishaji, aliwaambia walimu wa Kiingereza kwamba wamezama kwenye vifaa hadi hawawasikii tena wanafunzi wao, akataka somo lijengwe kwa mazungumzo ya waliomo darasani. Wakati huo mafuriko yalikuwa ya vitabu vya kiada na karatasi za kunakili. Leo ni makubwa zaidi. Karibuni.

Mwalimu wa shule ya msingi

Mwalimu, shikamoo, na hesabu yako siipingi. Lakini kuna mtu umemsahau, naye ni mimi.

Nilifundishwa Kiingereza na mwalimu aliyefundishwa na mwalimu ambaye naye hakuwahi kukisikia kikisemwa na wenyewe. Kwa miaka sita nilitamka *comfortable* kama ilivyoandikwa, na mwishoni nikaweka *table* kamili, meza yenye miguu minne. *Ship* na *sheep* nilizitamka sawasawa. Kiswahili kina irabu tano na tunatamka kila herufi tunayoiona, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kushuku kitu. Siku nilipopakua kipindi kifupi cha BBC cha wanaojifunza Kiingereza (wamekuwa wakifundisha kwa redio tangu 1943), nikakirudia kifungu kimoja mara nyingi, nikaona aibu, halafu nikaona huruma kwa watoto wote waliopita mikononi mwangu.

Kesho yake niliingia darasani na spika ndogo. Nikawaambia watoto wazi kwamba neno hili nililitamka vibaya, tusikilize pamoja. Ukiniambia leo niizime ile spika, unawaambia wanafunzi wangu wabaki na makosa yangu. Mwalimu anayekimudu Kiingereza anaweza kuingia na chaki tupu. Mimi nahitaji sauti nyingine chumbani.

Mwalimu wa sekondari

Naunga mkono, ila tusikuze mno suala la lafudhi. Waliojifunza Kiingereza wakiwa na lugha nyingine ya kwanza ni wengi kuliko waliozaliwa nacho. Mwanafunzi anahitaji kueleweka, basi. *Ship* na *sheep* zifundishwe kwa sababu zinabadilisha maana. Lafudhi ya mtu wa London hahitaji.

Mwanafunzi mtu mzima

Mimi si mwalimu, mniwie radhi. Nilisoma kozi ya jioni ambako karibu kila kipindi tulipangwa wawili wawili. Mwenzangu alikuwa anasema *I am agree* badala ya *I agree*, nami nikaichukua. Mwalimu anazunguka, anatabasamu, anasema *very good*. Baada ya miezi minane nilikuwa naongea kwa kasi na kwa ujasiri Kiingereza cha mwenzangu. Aliyenirekebisha ni ofisa aliyenisaili kwa kazi, mbele ya watu watatu.

Nilichojifunza cha kweli nilikipata usiku, masikio kwenye simu. Vipindi vya Sauti ya Amerika vya Kiingereza chepesi, vile vilivyoanza 1959 kwa msamiati wa maneno kama 1,500 na msomaji anayesoma polepole, vilinitoa mbali. Nilisikiliza, nikaandika ninachosikia, nikalinganisha na maandishi. Kwa hiyo Mwalimu unaposema kila dakika ya kuzungumza ni faida, mimi nasema kuna dakika za kuzungumza zilizonitia hasara.

Mleta mada

Ndugu yangu, pole, na ulilolisema ni zito. Zoezi la wawili wawili bila mwalimu kulifungia kazi ni uzembe, na mimi nimewahi kulifanya. Ninavyofanya sasa: nazunguka na daftari, siwakatishi, naandika sentensi sita nilizozisikia, nzuri na mbaya zimechanganywa, bila jina la mtu. Dakika tano za mwisho naziandika ubaoni, darasa linaamua ipi irekebishwe na kwa nini. *I am agree* haivuki mlango.

Lakini kusikiliza peke yake hakutoshi pia. Mtafiti wa lugha Merrill Swain aliwachunguza wanafunzi wa Kanada wenye lugha ya Kiingereza nyumbani, waliosomeshwa masomo yao kwa Kifaransa kwa miaka. Walikielewa vizuri sana, ila walipozungumza na kuandika sarufi yao ilikuwa nyuma ya watoto wa lugha hiyo. Akaandika kwamba ni pale mtu anapolazimika kutoa sentensi yake mwenyewe ndipo anapogundua asichokijua. Wewe ulikuwa unaandika unachosikia na kulinganisha. Hukuwa unasikiliza tu, ulikuwa unatoa. Ndicho kilichokuvusha.

Mzazi

Mwanangu ana programu ya maneno kwenye simu, hajakosa siku hata moja kwa miezi mitatu. Nikimuuliza neno lolote analijua. Nikimwambia asimulie alichofanya jana, kimya. Nilidhani ni mvivu. Kumbe hajafundishwa hilo?

Mkufunzi wa walimu

Mzazi, mwanao si mvivu. Kujua maneno ni kazi moja na kusimulia ni nyingine, na programu yake inafanya ile ya kwanza vizuri. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 jinsi tunavyosahau haraka tulichokikariri, na jinsi kurudia kwa vipindi vinavyoachana kunavyokibakiza. Programu nyingi za maneno zimejengwa juu ya hilo: neno ulilokosea linarudi upesi, ulilopatia linakaa mbali. Mwaka 1972 mwandishi Sebastian Leitner alieleza namna ya kulifanya kwa kadi za karatasi na boksi lenye vyumba. Unaweza kumtengenezea kwa boksi la viatu. Aendelee, dakika 10 kwa siku, nyumbani. Kisha kila jioni mwombe akusimulie mambo matatu ya jana, akitumia maneno matano ya kwenye kadi. Hata wewe kama hujui Kiingereza, kaa umsikilize.

Sasa nirudi kwa walimu. Mnagombania skrini na midomo, na hakuna aliyetaja hadithi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu 250 vya hadithi za Kiingereza katika kila darasa walilolichagua kwenye shule za vijijini za Fiji. Wengine walisoma wenyewe, wengine walisomewa na mwalimu na kuzungumza juu ya hadithi. Waliendelea haraka zaidi kuliko wenzao waliobaki na mazoezi ya kawaida. Hapa ndipo intaneti ina thamani kubwa ambayo tunaipita: kuna hadithi nyingi za bure zilizoandikwa kwa Kiingereza chepesi, unachapa nakala chache, zinazunguka darasa zima. Karatasi za sarufi za kupakua, zile za kujaza nafasi, mwalimu anaweza kuziandika mwenyewe ubaoni kwa dakika tatu. Nyingi zinataja theluji na treni za chini ya ardhi ambazo mtoto hajawahi kuziona, akawa anapambana na matatizo mawili kwa wakati mmoja.

Na kwa Mwalimu wa msingi, kuna zoezi linalotumia spika yako na midomo ya watoto kwa pamoja. Ruth Wajnryb, mwandishi wa vitabu vya walimu wa lugha, alilieleza mwaka 1990. Chagua kifungu kifupi, sentensi nne au tano. Cheza mara ya kwanza, kalamu zikiwa chini. Cheza tena kwa kasi yake ya kawaida, kila mmoja anadokoa maneno anayoyawahi. Halafu watu wanne wanne wanakijenga upya kifungu hicho, kwa sarufi iliyonyooka, kutokana na vipande walivyonavyo. Hapo utasikia mabishano: ilikuwa *lives* au *lived*? Mwisho wanalinganisha na kifungu chenyewe. Sauti ya spika imetumika dakika mbili tu, dakika 20 ni zao, na kielelezo cha kuwarekebisha hakitoki kwako.

Mwalimu wa madarasa ya jioni

Niongeze kuhusu programu za akili mnemba (AI) zinazozungumza na mtu. Ninao watu wazima ambao hawafungui kinywa mbele ya wenzao kwa sababu ya aibu. Wawili kati yao wameanza kuzungumza na programu hizo nyumbani, na sasa darasani wanathubutu. Tusizifukuze.

Mleta mada

Hilo nalikubali kwa nyumbani. Tahadhari yangu ni moja: programu ile inakuelewa hata ukikosea sana. Mwenzako aliye na picha nyingine mkononi hakuelewi, anakunja uso, anasema *what?*, na wewe unatafuta njia ya pili ya kulisema. Ile sekunde ya kutafuta njia ya pili ndiyo ninayoitaka darasani.

Na Mwalimu wa msingi, nafuta kauli yangu kwamba kila dakika ya spika ni ya wizi. Nilikuwa nafikiria darasa langu, sikufikiria lako. Ninachobaki nacho ni kwamba sauti ichezwe kwa muda mfupi na iwaachie watoto kazi ya kufanya. Mchezo wa maswali wa kubonyeza ndani ya kipindi bado naupinga, labda mara moja mwishoni mwa juma.

Mwalimu wa sekondari

Mtihani je? Mtihani wetu ni wa kuandika na kuchagua jibu. Mkuu wa shule akisikia kelele anauliza kama somo linaendelea.

Mkufunzi wa walimu

Kile kifungu wanachokijenga upya ni uandishi na sarufi, mwalimu. Mwonyeshe mkuu daftari zao, aone sentensi na marekebisho. Kuhusu kelele, mwite akae ndani dakika 10. Akiwa nje anasikia fujo, akikaa kati ya makundi mawili atasikia Kiingereza.

Mwalimu wa shule ya msingi

Nimerudi na habari. Leo nimelijaribu lile zoezi la kifungu, sentensi nne kuhusu mtu aliyepoteza ufunguo. Watoto 46. Makundi matatu yalijadiliana kwa Kiswahili tupu hadi mwisho, sikuweza kuwazuia. Kundi moja liliandika kifungu chote sawa isipokuwa *his key*, wakaandika *her key*, na wakabishana na spika kwamba imekosea. Mvulana ambaye tangu mwaka uanze sijawahi kusikia sauti yake alinyoosha mkono akasema, "Teacher, again please. I no hear the last." Nikacheza tena sentensi ya mwisho.

Swali langu: hao wanaojadiliana kwa Kiswahili niwafanyeje? Nikiwakataza wananyamaza kabisa.

Mleta mada

Usiwakataze. Wakiulizana kwa Kiswahili kama ni *lives* au *lived*, sarufi wanayoifikiria ni ya Kiingereza. Waandikie ubaoni vifungu vitatu vya kufanyia mabishano: *I think it was...*, *Are you sure?*, *I heard...* Waambie hivyo vitatu tu visemwe kwa Kiingereza, mengine waseme wapendavyo. Juma lijalo ongeza viwili. Na yule mvulana, kesho mwandikie ubaoni *I didn't hear the last one*, usimtaje jina, darasa zima walirudie, na wakitaka sentensi ichezwe tena waiombe hivyo.