Maua ya kichwani ya bi harusi, nataka kutengeza mwenyewe, gundi itastahimili joto?

binti_kibokoni:
Asalaam aleikum wapenzi. Mdogo wangu aolewa mwisho wa mwezi hapa Mombasa na mimi ndo nimejitolea kumtengezea maua ya kichwani, pamoja na vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, vya wasichana wa kumsindikiza. Nataka ya bandia manake ya kweli yote yanyauka kabla hata hajatolewa nje. Nimezunguka Biashara Street, satini na ribini zipo za kila rangi, na maua yaliyokwisha tengezwa pia yapo lakini yang'ara mno, plastiki waiona toka mbali. Sasa ukumbi hauna eisi, ni mafeni tu na watu watajaa. Ile gundi ya moto ya bastola yashika kweli kwa kile kichana cha chuma cha kuchomeka nywelini? Na asmini za kweli naweza kuchanganya?

fundi_majengo:
Waleikum salaam dadangu, hongereni. Gundi peke yake usiitegemee, chuma chateleza na ukumbi ule kwa jasho ua litabanduka lote. Zungushia ribini nyembamba kati ya meno ya kichana kwanza, halafu shona ua kwenye hiyo ribini kwa uzi wa nailoni, gundi iwe ya kuficha mafundo tu. Ua lenyewe kata duara za satini, sentimita 7, 6, 5 hadi 4, pitisha ukingo KARIBU na mshumaa si ndani ya moto, utaona wajikunja wenyewe na nyuzi hazifumuki tena, kisha kubwa chini ndogo juu, shona katikati utie lulu. Lakini iwe satini ya polista, ya pamba haiyeyuki yawaka, kwa hivyo jaribu kipande kwanza na bakuli la maji liwe karibu.

Mombasa_raha:
Na karatasi za krepu usiguse kabisa!! Zikipata jasho rangi yachuruzika, nguo nyeupe kwisha.

bi_mkubwa_mjiwakale:
Mwanangu changanya, kikuba bila harufu si kikuba. Chuma tumba za asmini alasiri zikiwa bado zimefumba, zatungika vizuri na zenyewe zafunguka jioni, zifunike kwa kitambaa kibichi mpaka saa ya kumvisha. Chomeka na rihani kidogo. Yale ya satini yafukize udi usiku wa kabla yake pamoja na nguo, kitambaa chashika harufu, plastiki haishiki kitu.

binti_kibokoni:
Shukran sana mama, na wewe fundi. Huyu wetu nywele zake laini sana, kichana si kitateleza?

fundi_majengo:
Kitateleza ndio. Msuke kimkia chembamba hapo pa kuchomeka, meno yapite ndani ya msuko, kisha pini mbili za kupishana juu yake. Na ncha za waya zikunje uzifunike kwa ribini, zisije zikararua shela.