Kupanda Mombo hadi Lushoto kwa baiskeli tukiwa watu 11: walio polepole tuwapangeje?

Msafiri wa Tanga aliuliza:

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Ninaongoza kikundi cha waendesha baiskeli 11 wa Tanga mjini, na kila Jumamosi tumezoea kwenda Muheza na kurudi, barabara ambayo haina kilima cha kutisha. Mwezi wa Agosti tumekusudia kwenda Usambara kwa mara ya kwanza. Mpango wetu ni kulala Mombo usiku wa Ijumaa, kupanda hadi Lushoto asubuhi ya Jumamosi, kula chakula cha mchana, kwenda kuona bonde kutoka Irente, kisha kuteremka siku hiyo hiyo ili Coaster itukute Mombo kabla ya giza.

Jambo linaloniumiza kichwa ni hili. Miongoni mwetu yumo mama mmoja mwenye umri wa miaka 58, ambaye hajawahi kukosa safari hata moja, na kijana aliyejiunga nasi miezi miwili tu iliyopita. Hata katika tambarare wao ndio wanaofika mwisho, na baadhi ya wenzangu wamependekeza waambiwe wasije, kwa hoja kwamba mlimani watatuchelewesha sote. Moyo wangu haukubali, lakini pia sitaki kumwingiza mtu katika hatari kwa sababu ya huruma. Naomba wanaoifahamu njia hiyo wanieleze inachukua muda gani, tusubiriane wapi, na kama mpango wa siku moja unawezekana.

Mzawa wa Soni alijibu:

Karibuni sana kwetu. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita zipatazo 33 za lami, na katika umbali huo mnapanda takriban mita 1,000, kwa kuwa Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukigawanya hesabu hiyo kwa usawa utadhani mwinuko ni mdogo, ila mlima haugawanyi hivyo. Sehemu kubwa ya kupanda imelundikana kati ya Mombo na Soni, kona juu ya kona, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Ukishafika Soni na kuyaona maporomoko ya maji kando ya barabara, jua kwamba kazi ngumu umeimaliza, na njia iliyobaki ni ya kupanda kidogo na kupumua kidogo.

Kwa watu mliozoea tambarare, tengeni saa nne za kupanda, pamoja na mapumziko. Ondokeni Mombo saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu pale chini jua likishachomoza joto halingoji, ilhali juu Agosti ni baridi na ukungu wa asubuhi unaweza kukukuta ukiwa umelowa jasho. Kila mtu abebe koti jepesi la kuzuia upepo, hata kama Mombo ataliona mzigo.

Kuhusu kuteremka jioni hiyo hiyo, nakushauri kama ndugu: msifanye. Irente peke yake itawaongezea zaidi ya kilomita kumi kwenda na kurudi, miguu itakuwa imechoka, na jioni ndiyo saa ambayo malori ya kabeji, karoti na viazi yanashuka kuelekea mijini. Lori lililojaa matenga haliwezi kukukwepa kwenye kona. Laleni Lushoto, mteremke Jumapili asubuhi.

Fundi wa Spoku alijibu:

Naunga mkono hoja ya kutoteremka mkiwa mmechoka, na naomba niongeze upande wa vyombo, maana watu hujiandaa kwa kupanda na kusahau kwamba kinachoua ni kushuka. Chukua mwendeshaji na baiskeli yake, kilo 90 kwa pamoja, wakiteremka mita 1,000. Nguvu inayoachiliwa hapo, kama yote ingegeuka joto, ingetosha kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji kutoka hali ya kawaida. Sehemu ya nguvu hiyo inachukuliwa na upepo unaokupiga kifuani, lakini anayeshuka polepole, akiwa ameshika breki muda wote, anaupeleka moto karibu wote kwenye rimu au kwenye diski. Kwa hiyo mwoga ndiye anayechoma breki zake kuliko jasiri, na wale wawili wako ndio nitakaowaangalia kwanza.

Nasema hivi kwa sababu yamenikuta. Miaka kadhaa iliyopita nilikodi baiskeli mahali fulani milimani bila kuikagua, nikiamini maneno ya mwenye duka. Raba za breki ya nyuma zilikuwa zimelika hadi chuma, na breki ya mbele niliibana mfululizo mpaka tyubu ikapasuka kwa joto la rimu. Niliangukia ukingo wa ndani, upande wa mlima. Ingekuwa upande wa pili nisingeandika haya.

Kabla ya safari, kila raba ya breki itazamwe kwa jicho na kila waya uvutwe kwa nguvu. Wakati wa kushuka, punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Bana breki zote mbili kwa muda mfupi, achia, bana tena. Kila baada ya kilomita tano hivi simameni wote, na kila mtu asogeze kidole karibu na rimu au diski bila kuigusa. Ukihisi moto kama wa jiko, ngojeni upoe. Na kwa kupanda, kijana wako awe na gia nyepesi, ile sproketi (gurudumu la meno linaloshika mnyororo) kubwa ya nyuma. Kama haina meno 32 au zaidi, atafute nyingine mapema.

Mkia wa Msafara alijibu:

Nimesoma swali lako mara mbili, Kaka, kwa sababu miaka minne nimekuwa mtu wa mwisho katika kila safari ya kikundi chetu, nami najua kinachomchosha mtu wa mwisho. Si mlima.

Walio mbele wanafika mahali pa kusubiriana, wanakaa, wanakunywa maji, wanakula ndizi, wanapiga picha, wanapumzika dakika ishirini. Mimi natokea kwenye kona, wananipigia makofi kwa upendo kabisa, kisha mmoja anasema, "Haya, tumekamilika, twende." Hivyo mwenye nguvu kidogo kuliko wote ndiye asiyepumzika hata kidogo, na safari nzima anaifanya kwa pumzi moja. Baada ya kituo cha tatu anashindwa, halafu inasemekana hakuwa na uwezo.

Weka sharti moja tu: saa ya kupumzika ianze kuhesabiwa pale mtu wa mwisho anaposhuka kwenye kiti chake. Walio mbele wakiona wanakaa sana, wapande taratibu zaidi. Aidha, mama huyo asiachwe na kijana peke yao kule nyuma. Awepo mtu mmoja mzoefu, mwenye pampu na viraka, ambaye kazi yake kwa siku hiyo ni kuwa wa mwisho, na aifanye bila kuonesha kwamba anajinyima.

Mwepesi wa Gia alijibu:

Nakubaliana na yote isipokuwa moja. Kumsubiri mtu dakika arobaini huku umelowa jasho kwenye upepo wa mlimani ni hatari pia, na mwenye kasi naye ana haki ya kuufurahia mlima. Walio polepole waondoke saa moja kabla ya wengine, pamoja na huyo mzoefu wa nyuma. Mtakutana karibu na Soni na hakuna atakayekuwa amemsubiri mwenzake kwa muda mrefu.

Msafiri wa Tanga alirejea:

Ndugu zangu, tumerudi salama, na nawiwa kuwaeleza. Tulilala Lushoto kama alivyoshauri Mzawa wa Soni. Shauri la Mwepesi wa Gia tulilifuata kwa sehemu, kwa kuwa kuondoka saa moja kabla kungewaweka wale wa kwanza barabarani gizani. Tukawatanguliza dakika 30 kulipopambazuka, nami nikawa mtu wa mwisho.

Mama alipanda bila kusimama katikati ya kona, ila kila alipopata kipande chenye kivuli alishuka, akavua glovu, akazikunja na kuziweka juu ya kiti, akanywa maji mafunda matatu, akazivaa tena. Sikumharakisha hata mara moja. Watoto walimkimbilia ubavuni karibu na Soni, na mmoja akamsukuma mgongoni hadi kwenye daraja. Wenye kasi walitupita kilomita mbili tu kabla ya hapo. Mapumziko ya Soni yaliheshimiwa: dakika 25 tangu mama alipokaa. Kijana ndiye aliyeteseka zaidi, kwa kuwa alijaribu kuwafuata waliotupita, na kutoka Soni ilibidi nimbebee mkoba.

Jumapili kabla ya kushuka tulikagua breki za baiskeli zote 11, tukakuta baiskeli mbili zenye raba zilizokwisha, na moja ilikuwa yangu. Tulisimama mara sita. Katika kisimamo cha tatu harufu ya raba iliyoungua ilikuwa imetanda hewani, tukangoja robo saa nzima hadi ikaisha. Tuliteremka kwa mwendo wa mama, naye ndiye aliyekuwa mbele mpaka Mombo.