Nimekwisha kujificha nyuma ya ukuta, mbona bado nauawa?

Kijana wa Langoni (Lamu):

Assalaamu alaykum, ndugu zangu. Kwa miezi mitatu sasa nimekuwa nikicheza Counter-Strike 2, mchezo wa bure wa kompyuta ambao vikosi viwili vya watu watano watano hupigana kwa bunduki, kimoja kikitaka kutega bomu na kingine kikizuia. Juzi usiku, katika ramani ya Mirage, nilimwona adui mwenye bunduki ya masafa marefu, nikarudi nyuma ya ukuta, nikaona waziwazi kwamba nimekwisha kuingia mafichoni, kisha baada ya muda wa kupepesa jicho nikaanguka nimekufa. Adui hakunifuata, na wenzangu wanasema ukuta ule risasi haiupenyi.

Jambo hili hunipata mara nne au tano kila mechi. Pingi yangu, yaani muda wa habari kwenda na kurudi, kwa seva (kompyuta kuu zinazoendesha mechi) za Ulaya ni kama milisekunde 190, na usiku mwingine huruka hadi 300 kisha ikashuka tena. Mwenzangu mmoja anasema dawa yake ni kulipia hadhi ya Prime, mwingine anasema naonewa na watu wenye programu za udanganyifu. Naomba mwenye ujuzi anieleze kabla sijatoa pesa.

Fundi wa Mkomani (Lamu):

Wa alaykumu salaam. Pesa zako zihifadhi kwanza. Prime, ambayo huuzwa kwa dola 14.99 za Marekani, hukupatia mechi za viwango na kukupanga pamoja na wengine waliolipa, lakini haiisogezi seva hata shubiri moja karibu na Lamu. Mchezo wenyewe umekuwa wa bure tangu Desemba 2018, wakati ukiitwa bado Global Offensive, na hili toleo la pili lililotoka Septemba 2023 limeendelea vivyo hivyo. Kinachouzwa zaidi ni mapambo ya bunduki, na bunduki iliyopambwa huua sawasawa na isiyopambwa.

Sasa tuje kwenye ukuta wako. Unachokiona kwenye skrini ni habari iliyokwisha kupita, kwa sababu kila tukio lazima lisafiri kutoka kwa adui hadi kwenye seva, kisha kutoka kwenye seva hadi kwako. Kama seva ingepokea risasi na kuipima kwa mahali ulipo wakati inapofika, kila mpigaji angelazimika kulenga mbele ya mtu anayekimbia, kama mvuvi anavyorusha mkuki mbele ya samaki anayeogelea, na tena angelazimika kukisia ni mbele kiasi gani kulingana na pingi yake ya siku hiyo. Kwa hiyo seva huweka kumbukumbu ya mahali kila mchezaji alipokuwa muda mfupi uliopita. Risasi inapofika, seva hukokotoa mpigaji alikuwa akiona nini alipobonyeza, huwarudisha wengine pale walipokuwa wakati huo, ndipo ihukumu. Mbinu hii si ngeni. Yahn Bernier wa Valve, kampuni yenye mchezo huu, aliieleza kwa maandishi mwaka 2001.

Hukumu hiyo humpa haki mpigaji, na gharama yake huibeba anayekimbia. Chukua hesabu hii. Mchezaji aliyeshika AK-47 hukimbia vipimo 215 vya urefu vya mchezo huu kwa sekunde, na upana wa mwili wake ni vipimo 32. Ikiwa pingi ya adui ni 60 na yako ni 190, basi tangu ulipokuwa, kwenye skrini yako, mahali pale alipokuona hadi wewe upate habari ya kifo chako zimepita takriban milisekunde 250. Ndani ya muda huo umekwisha kutembea karibu vipimo 54, yaani zaidi ya mwili mmoja na nusu. Kwenye skrini yake ulikuwa wazi kabisa ukingoni mwa ukuta, na kwenye skrini yako umekwisha kufichama. Nyote wawili mnasema kweli.

Kuhusu umbali hakuna fundi anayeweza kukusaidia. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukimbia kama kilomita 200 kwa kila milisekunde moja. Kutoka Lamu hadi Johannesburg ni karibu kilomita 3,000 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 30 hata kama waya ungepita angani kama ndege, na kwa hakika haupiti hivyo. Hushuka baharini, huzunguka, hupita vituo kadhaa. Valve ina seva Johannesburg na Dubai, basi punguza kiwango cha juu cha pingi katika mipangilio ya kutafuta mechi ili usitupwe Ulaya ovyo. Utasubiri mechi kwa muda mrefu zaidi, hilo likubali.

Linalonitia shaka ni huko kuruka hadi 300. Umbali haurukiruki. Nyumba yenu ni ya namna gani, na ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, mmeiweka wapi?

Binti Malindi:

Naomba kuongeza jambo moja kuhusu huko kuruka. Kwetu, pingi ilikuwa ikipanda kila siku baada ya isha, nikawalaumu wenye kampuni bure, kumbe simu ya mamangu ilikuwa ikipeleka picha na video zote za harusi kwenye hifadhi ya mtandaoni kila alipoiweka kwenye chaji. Njia ya kupeleka ikijaa, pakiti za mchezo, yaani vifurushi vya habari zake, hupanga foleni nyuma ya picha, hata kama kasi ya kupokea inaonekana nzuri. Nilizima jambo hilo wakati wa kucheza na pingi ikatulia. Namshauri kaka yetu achunguze pia nani mwingine anatumia laini hiyo saa hizo.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, mtu wa pingi 190 hapaswi kuchanganywa na mtu wa 20. Fundi anasema wote wanasema kweli, lakini mmoja ndiye anayekufa.

Fundi wa Mkomani (Lamu):

Dada yangu, hapo sina ubishi, ila ukiwatenga, sisi wa pwani hii tutabaki kucheza na roboti.

Kijana wa Langoni (Lamu):

Nashukuru sana, Fundi na dada wa Malindi. Nyumba yetu ni ya kale, ya mawe ya matumbawe, na kuta zake zina unene wa karibu dhiraa moja. Ruta imekaa katika mojawapo ya zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, za chumba cha ndani, kwa sababu bibi anaona hapo ndipo pazuri, nami huchezea chumba cha juu. Nimepima kama nilivyoelekezwa na rafiki mwingine: kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye ruta tu, bila kutoka nje ya nyumba. Nikiwa juu, majibu yalikuwa kati ya milisekunde 3 na 140, na mengine hayakurudi kabisa. Nikiwa nimekaa kando ya ruta, 1 au 2 bila kubadilika.

Fundi wa Mkomani (Lamu):

Basi adui wako ni tumbawe. Mawimbi ya Wi-Fi ya gigahetsi 5 hufia kwenye ukuta kama huo, na ya gigahetsi 2.4 hupenya kidogo yakiwa yamechoka. Usinunue ruta nyingine. Nunua waya wa mtandao, uupitishe kiwandani, yaani kwenye ua wa ndani panapoonekana mbingu, uingie kwako kwa dirisha.

Kijana wa Langoni (Lamu):

Nimenunua mita 20. Bibi alikubali kwa sharti kwamba waya ushikizwe juu, usipite chini ya kamba yake ya kuanikia, na umepungua mita mbili, kwa hiyo imebidi meza niihamishie dirishani. Tangu jana pingi haijaruka, na nimepata seva ya Johannesburg kwa 88. Nyuma ya ukuta nimeuawa mara moja tu katika mechi nzima, na safari hii, nikisema kweli, bega lilikuwa nje.