Makato ya nyumba hayakuniuliza barua pepe. Mbona shangazi yangu anaulizwa?

Wadau wa Nakuru na wengine wote mlioko huku Bonde la Ufa, leo naomba niteme nyongo. Uzi ni mrefu, asiye na subira apite.

Mimi nimeajiriwa. Mshahara wangu kabla ya makato ni 42,000, na kila mwisho wa mwezi shilingi 630 zinakwenda kwa ushuru wa nyumba. Mwajiri wangu naye anaongeza 630 nyingine. Ni ile asilimia 1.5 ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu iliyotiwa saini Machi 2024. Walipoanza kukata, hakuna aliyeniambia nifungue akaunti wala nipige kitambulisho picha mbele na nyuma. Hakuna aliyenitumia nambari ya kuthibitisha. Pesa ilitoka tu, na haijawahi hata mwezi mmoja kukwama eti mtandao uko chini.

Sasa njooni muone upande wa kupokea hizo nyumba.

Nina shangazi, dadake marehemu baba. Ana miaka 73, mjane, anaishi Rhonda kwenye ploti ya mabati, chumba kimoja. Glakoma imemaliza jicho la kushoto na la kulia linaona vivuli. Choo kiko mwisho wa ploti, unavuka mtaro wa maji machafu uliofunikwa kwa mbao mbili, na mvua ikinyesha mbao moja huwa imeondoka. Usiku anatumia kopo. Samahani kwa kulitaja, lakini watu wakisikia "makazi duni" wanadhani ni lugha ya warsha. Zamani alikuwa akifulia watu nguo Milimani na Section 58, macho yakamkatiza. Sasa ana ile 2,000 ya mwezi ya Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wazee kuanzia miaka 70, kodi ni 2,500, hesabu iliyobaki ni sisi watoto wa ndugu zake.

Sheria yenyewe inasema nyumba za kijamii ni za anayepata chini ya 20,000 kwa mwezi. Kama kuna binadamu aliyeandikiwa hicho kipengele, ni huyu mama.

Basi nikamchukua tukaenda kumwombea nyumba kwa ofisi moja hapa mjini, sitaitaja. Kijana wa kaunta hata hakuinua macho. "Shosho, hayo mambo yote ni ya mtandaoni siku hizi." Nikamwambia shosho haoni. "Si wewe utamsomea." Sawa, nitamsomea. Anahitaji barua pepe, nikamfungulia. Anahitaji simu iliyosajiliwa kwa jina lake, na hapo ndipo kizaazaa kilipoanza.

Laini ya shangazi ilisajiliwa na mjukuu wake kwa jina la mjukuu, kama laini za wazee wengi tu. Kwa hiyo tukijaza, mfumo unakataa. Tukajaribu na laini nyingine ambayo iko kwa jina lake kweli, lakini hiyo kadi iko ndani ya simu ya huyo huyo mjukuu, ambaye anafanya kazi ya maua Naivasha. Huko simu wanaziacha kwenye kabati kabla ya kuingia kwa maua. Nambari ya kuthibitisha ikatumwa saa nne asubuhi. Mjukuu akaiona saa ya chakula cha mchana, akanipigia akanisomea tarakimu zote vizuri kabisa, na mimi niko hapo saiba nimeshikilia ukurasa usizime, na jamaa wa saiba ananitazama kwa sababu dakika zinahesabika. Nikaingiza. "Muda wa nambari hii umekwisha." Shangazi kando yangu ameketi kwenye benchi, mkoba mapajani, ananiuliza kama wamekubali.

Hiyo ya laini tuliimaliza, tulienda duka la kampuni ya simu wakambadilishia. Kumbe hiyo ilikuwa rahisi.

Ngoja niwaeleze ya PIN ya KRA, ile nambari ya mlipa ushuru. Miaka ya nyuma kikundi chao cha akina mama kilitaka kufungua akaunti ya benki, kila mmoja akatakiwa kuwa na PIN. Jamaa wa saiba akawafungulia wote, na akaweka barua pepe yake mwenyewe kwa kila mmoja. Saiba hiyo ilishafungwa, sasa pale wanauza viazi karai, na nambari ya huyo jamaa haipatikani. Kwa hiyo kubadilisha nywila tu ni safari. Tulipofanikiwa kuingia, tukakuta faini. Shangazi hajawahi kuwasilisha ritani ya sifuri. Hajui hata ni mdudu gani. Sheria ya ushuru inamtoza mtu binafsi shilingi 2,000 kwa kila mwaka asiowasilisha, na yule wa kaunta anataka PIN iwe safi.

Hebu fikirieni. Mwanamke ambaye hajawahi kupata pesa ya kutozwa ushuru anadaiwa kwa sababu hakutangaza kwamba hana kitu. Na faini ya mwaka mmoja ni sawasawa na pesa yake ya Inua Jamii ya mwezi mzima, hakuna chenji.

Malipo ya kwanza sitaki hata kuyaongelea sana, yanapandisha presha. Sheria ilipopitishwa iliweka asilimia 10 ya bei ya nyumba. Chukua kijumba cha 600,000, mfano tu. Asilimia 10 ni 60,000. Shangazi akiweka Inua Jamii yote bila kula wala kulipa kodi ya Rhonda, ni miezi 30. Halafu ndipo aanze kulipia nyumba yenyewe, miaka na mikaka, mtu wa miaka 73! Mwenyewe aliniuliza njiani tukirudi, "Kwani ni lazima ninunue? Mimi nataka pa kulala na choo karibu." Nilikosa la kumjibu.

Maana yuko sahihi. Nakuru hii hii ina Kivumbini, Flamingo, Bondeni ya zamani, nyumba za kanjo, yaani za baraza la mji, ambazo watu walipangishwa, unalipa kodi yako ya mwezi na maisha yanaendelea. Zimechakaa, najua, na vyoo vya nje zinavyo pia. Lakini wazo lilikuwa wazi: wewe ni maskini wa mji, huu hapa mlango, lipa kidogo kidogo. Hakuna aliyekuambia uwe mwenye nyumba kwanza. Siku hizi tunaita nyumba ya kijamii kitu ambacho lazima ukinunue, na tunashangaa mbona wazee hawaombi.

Lililonichoma zaidi ya yote ni la ghorofa. Nilimuuliza kijana wa kaunta: huyu haoni, magoti nayo ni mabovu, akibahatika atapewa chini? Jibu: "Nyumba zinagawanywa na kompyuta, hatuchagui." Je, kuna mahali kwenye fomu pa kuandika ulemavu wake ili hiyo kompyuta ijue? Akanyamaza, akaita anayefuata. Kwa hiyo tunaweza kupigana mwaka mzima halafu apewe ghorofa ya nne. Afadhali mbao za Rhonda, angalau anazijua.

Tukitoka pale, kwenye ngazi, jamaa mmoja mwenye koti safi akanifuata polepole. "Dada, hiyo nawasaidia. Elfu tano na jina linasogea." Amejuaje tulichoendea? Hiyo nawaachia mjibu wenyewe. Mwenye mzee nyumbani asitoe hata senti kwa watu kama hao, kwa sababu ukishatoa huna risiti na huna wa kumshtaki.

Na kabla hamjaja na ile ya "Wakenya mnapenda kulialia": Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya makazi bora yanayofikika. Cha 57 kinawataja wazee kwa jina, waishi kwa heshima na wapate msaada wa familia na wa serikali. Familia iko hapa, inachapa kazi. Serikali iko wapi? Halafu kuna cha 47, ambacho wengi hatukitumii: ukinyimwa haki yako kwa uamuzi wa ofisi ya umma, unastahili kupewa sababu kwa maandishi. Siyo kuambiwa "system imekataa", la, karatasi yenye sahihi.

Kwa hiyo nimewaandikia wa ile ofisi barua, nakala ina muhuri wa kupokelewa. Nimeuliza watu wenye ulemavu wa macho wanagawiwaje nyumba za chini, na asiye na mshahara anathibitishaje mapato yake. Nimetumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inawapa siku 21 za kujibu. Wasipojibu, malalamiko yanaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, na nitaweka kila kitu hapa, pamoja na kimya chao.

Wakati huo nataka kusikia kwa wenye uzoefu wa kweli, siyo wa "niliambiwa". Kuna mzazi au jamaa yako yeyote, wa Nakuru, Kisumu, Kakamega, popote, aliyepata nyumba ya kijamii bila hati ya mshahara? Alionyesha nini? Barua ya chifu ilikubaliwa? Na faini ya ritani kuna aliyefutiwa, alianzia mlango gani? Andikeni hapa wazi ili na wengine wasome.

Na wewe mwenye koti, najua unapita humu. Nambari yako ninayo.